NVivo, MAXQDA, Dedoose au QualCoder: ipi itakufaa kwa utafiti mseto Unguja na Pemba?

Mwanamke mmoja wa Tumbe, kaskazini ya Pemba, aliulizwa na mdadisi wetu kama kipato chake cha mwani kimepanda, kimeshuka au kimebaki pale pale. Akajibu: kimepanda. Wiki mbili baadaye nikakaa naye barazani, kinasa sauti kipo juu ya mkeka, akanambia, "Mwanangu, mwani ushatuchosha. Twaenda kwa mazoea tu." Hakudanganya mara ya kwanza wala ya pili. Fedha aliyoshika mkononi ilikuwa imezidi kidogo kweli. Lakini ilizidi kwa sababu kotonii, ile aina ya mwani yenye bei nzuri, ilikuwa ikimfia kwa maji ya moto, akahamia spinosum ya bei ya chini na kuongeza kamba karibu mara mbili ili afidie. Mgongo ni ule ule mmoja.

Utafiti mseto, ule unaochanganya hojaji za takwimu na mahojiano ya maneno, unafanywa kwa ajili ya migongano ya namna hii, na huu nusura utuponyoke. Hojaji yake ilikuwa na namba, P-117. Faili la mahojiano yake liliitwa "Tumbe bibi wa tatu mpya kabisa". Hakuna programu ambayo ingejua kwamba hao ni mtu mmoja. Tulimgundua kwa sababu mdadisi alimkumbuka kwa kanga.

Kwa hiyo nikiulizwa "NVivo au MAXQDA?", yaani programu ipi ya kuchambulia mahojiano, swali langu la kwanza ni: namba ya mhojiwa utaiweka wapi, na itasafiri vipi kutoka kwenye hojaji hadi kwenye maneno yake? Nitazipima programu kwa swali hilo kwanza, halafu kwa Kiswahili, halafu kwa umeme na mfuko.

Ninaowaandikia ni watu wenye hali kama yetu: timu ya watu watatu hadi sita, hojaji mia mbili hivi zilizokusanywa kwa simu kupitia KoboToolbox, mahojiano kama thelathini, majadiliano ya vikundi manne au matano, yote kwa Kiswahili, na laptopu za umri tofauti. Ukiwa na mahojiano kumi tu bila hojaji yoyote, usijisumbue. Chapisha, nunua kalamu za rangi, kaa sakafuni. Nimeona tasnifu nzuri zimetoka hivyo.

Neno moja kabla sijaendelea. Kile kitendo cha kukipa kipande cha maneno jina la mada yake nitakiita kuweka msimbo. Wenzetu wengi husema "kukodi data". Mimi niliwahi kulisema neno hilo mbele ya sheha, akauliza tunamlipa nani kodi.

Zilizopo

NVivo inatoka Australia. Ilitanguliwa na programu ya miaka ya 1980 iliyoandikwa na Tom na Lyn Richards, na jina la NVivo likaja 1999. MAXQDA ni ya Ujerumani. Udo Kuckartz aliitoa 1989 ikiitwa MAX tu. ATLAS.ti nayo ni ya Berlin, kazi ya Thomas Muhr, ikaanza kuuzwa 1993. Siku hizi NVivo na ATLAS.ti zinamilikiwa na kampuni moja, Lumivero. Dedoose ilitengenezwa na watafiti waliokuwa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, nayo huishi mtandaoni. Za bure ni QualCoder, iliyoandikwa na Colin Curtain, na Taguette. Ipo pia QDA Miner ya Kanada, yenye toleo dogo la bure kwa Windows, ila sijaitumia vya kutosha kuisemea.

Pale neno linapokutana na namba

Programu zote hizi zinaweka misimbo. Ukitazama kazi hiyo peke yake, tofauti ni kama ya kalamu na kalamu. Zinaachana pale unapotaka kuuliza: wanawake walioacha kotonii wanazungumziaje riziki, ukiwalinganisha na ambao hawakuacha? Hapo programu inatakiwa ijue sifa za kila msemaji: umri, shehia, miaka ya kulima, jibu lake la swali la 14.

MAXQDA ndiyo iliyonirahisishia zaidi. Kila waraka una vigezo vyake, na vigezo unaviingiza kwa mkupuo kutoka jedwali la Excel au faili la SPSS, ile programu ya takwimu, mradi jina la waraka lifanane na namba iliyo kwenye jedwali. Baada ya hapo kuna menyu nzima ya kazi za mseto. Kuna jedwali linaloweka nukuu za walioacha upande huu na za wasioacha upande ule, na jingine linalogawa misimbo kwa kigezo. Msimamizi wako akitaka jedwali la pamoja, lile lenye takwimu safu moja na maneno safu ya pili, hapa unalipata bila kuhangaika. Katika majadiliano ya kikundi, ukiandika unukuzi vizuri, inamtambua kila msemaji na kumpa vigezo vyake mwenyewe.

NVivo inafika pale pale kwa njia ndefu kidogo. Unaunda kitu kinachoitwa kesi, yaani mtu, halafu unamfungia maneno yake popote yalipo: mahojiano, kikundi, hata jibu lake la wazi la hojaji. Fikra hii naipenda kuliko ya MAXQDA, kwa sababu mtu si waraka. Yule wa Tumbe angekuwa kesi moja yenye maneno katika mafaili matatu. Lakini wanaojifunza hukwama hapa. Katika kila mafunzo niliyosaidia, siku ya pili nzima imekwenda kwenye kesi na uainishaji wake, na bado wapo waliorudi nyumbani wakiamini kesi ni jambo la mahakamani.

Dedoose ilibuniwa kwa ajili ya mseto tangu mwanzo, na inaonekana. Unapandisha jedwali la sifa, unaliunganisha na mafaili, na chati zinajitokeza zenyewe. Ukigusa mstari wa chati, nukuu zake zinafunguka. Unaweza pia kuupa msimbo uzito, tuseme kutoka 1 hadi 5 kwa ukali wa malalamiko. Udhaifu wake kwetu ni vikundi. Sifa hufungwa kwenye faili zima, kwa hiyo akinamama wanane wa Makangale wanakuwa mtu mmoja mwenye umri mmoja. Pemba, ambako kundi la mwani huzungumza pamoja hata ukimwita mmoja, hilo si dogo.

QualCoder ina kesi na sifa pia, inaingiza jedwali la hojaji, na kila kitu hukaa katika hifadhidata ya SQLite ambayo mtu anayetumia R, lugha ya kukokotoa takwimu, anaweza kuifungua moja kwa moja. Sura yake haivutii, na vitufe vyake vingine utavielewa kwa kubahatisha. Ila kazi inafanya. Taguette haina sifa kabisa: unapaka rangi, unatoa vipande vyote kwenda kwenye jedwali, halafu namba ya mhojiwa, ukiwa umeiweka kwenye jina la faili, ndiyo inakuunganishia na hojaji ndani ya Excel. Watu huidharau. Mimi nasema kwa mwanafunzi mwenye mahojiano ishirini inatosha na kubaki.

Tahadhari moja ambayo programu haitakupa. Ukishahamisha misimbo kuwa namba, usihesabu mara ngapi jambo limetajwa. Hesabu watu wangapi wamelitaja. Katika kikundi chetu kimoja mama mmoja alitaja bei mara nyingi kuliko wenzake wote pamoja, na jedwali la kwanza likaonesha shehia nzima inalia bei. MAXQDA unaiamuru ihesabu kila waraka mara moja tu, na NVivo unaiambia ikuoneshe idadi ya kesi. Chaguo hilo limejificha, litafute.

| | Sifa za mhojiwa | Wasemaji ndani ya kikundi | Bila intaneti | Malipo |
|---|---|---|---|---|
| MAXQDA | Rahisi, kutoka Excel au SPSS | Ndiyo | Ndiyo | Leseni |
| NVivo | Nzuri, ila inataka mazoezi | Ndiyo | Ndiyo | Leseni |
| Dedoose | Rahisi sana | Kwa taabu | Hapana | Kwa mwezi unaoingia |
| QualCoder | Ipo | Kwa mkono | Ndiyo | Bure |
| Taguette | Hakuna | Hakuna | Ndiyo, ukiiweka kwenye laptopu | Bure |

ATLAS.ti nimeiacha nje ya jedwali kwa makusudi. Ni programu nzuri, hasa kwa kuchora mahusiano ya misimbo na kwa picha na video, na hupokea jedwali la hojaji. Lakini kwa kazi ya kuoanisha neno na namba sijakutana na hali ambapo ilinisaidia kitu ambacho MAXQDA haikunisaidia.

Kiswahili ndani ya mashine

Video za mafunzo hazifiki hapa, na ndipo tunapopoteza wiki nzima nzima.

Anza na hesabu ya maneno. Mashine inaona *nalima*, *tunalima*, *walilima*, *hatulimi*, *mkulima* na *kilimo* kama maneno sita yasiyojuana. NVivo ina uwezo wa kukusanya maneno ya shina moja, lakini kwa lugha chache: Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania, Kireno na nyingine mbili tatu. Kiswahili hakimo kwenye matoleo niliyotumia. Matokeo yake lile wingu la maneno linalopendwa kwenye mawasilisho linatoka na *kwa*, *yaani*, *sasa* na *hivyo* kwa herufi kubwa, na mwani wenyewe pembeni. Orodha ya maneno ya kupuuzwa unaiandika mwenyewe. Iandike mara moja, ihifadhi, mgawie mwenzio.

Utasema basi nitafute kipande tu, *lim*. Nilifanya hivyo. Ikaniletea *elimu*, *mwalimu* na *kilima*. Dawa niliyoiona ni kamusi yako mwenyewe: unaorodhesha sura zote za neno chini ya kichwa kimoja. Sehemu ya MAXQDA inayoitwa MAXDictio inafanya hivyo vizuri, ila iko kwenye matoleo ya bei ya juu. Kwa QualCoder unarudia utafutaji kwa kila sura, ni kazi ya mchana mmoja.

Halafu kuna maneno pacha. *Kamba* za mkulima wa mwani ni za kufungia. *Kamba* za mvuvi huliwa. *Konde* ni shamba, ni ngumi, na ni mji wa Pemba, wilaya ya Micheweni. Kuweka msimbo kwa kutafuta neno na kukubali yote, kama programu zote hizi zinavyokuruhusu, kutakuletea mkulima aliyepigwa shamba. Tumia utafutaji kukuoneshea pahala, halafu soma kwa macho.

Na kile kialama cha *ng'*. Mnukuzi wa kwanza anaandika Ng'ambo kwa alama iliyonyooka. Laptopu ya wa pili inaipinda yenyewe. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa mashine ni miji miwili. Tulikaa siku nzima tukishangaa kwa nini hakuna mtu wa Mjini aliyetaja Ng'ambo. Kabla hujaingiza faili hata moja, badilisha alama zote ziwe za aina moja. Ni dakika tano.

La mwisho katika hili ni tafsiri. Wafadhili wengi wanataka unukuzi utafsiriwe Kiingereza kabla ya misimbo, na bajeti hulipia hivyo. Nawasihi mkatae kila mnapoweza. "Alinikataza nisende pwani" haisemi kama aliyekataza ni mume au mama mkwe. Kiingereza kinamlazimisha mfasiri aamue, naye huamua mume, na kesho ripoti ina msimbo wa waume wanaozuia wake zao. *Riziki* ikigeuzwa kuwa kipato, umeifuta imani nzima iliyomo ndani yake. Programu zote nilizozitaja zinapokea Kiswahili, na majina ya misimbo pia unaweza kuyaandika kwa Kiswahili. Tafsiri zile nukuu zitakazoingia kwenye ripoti, na kumbukumbu za misimbo ziandike kwa lugha zote mbili ili mtu wa ng'ambo aweze kufuata.

Umeme, bando na watu

Tuliokuwepo Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, umeme ulipokatika kisiwa kizima kwa miezi mitatu, hatutaamini kamwe programu inayohitaji waya na mtandao kwa wakati mmoja. Mambo yamebadilika. Pemba ilipata waya wake wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka huo huo wa 2010, na Unguja ikaongezewa mwingine baadaye. Lakini ukiwa Makangale na simu inashika mnara mmoja ukisimama, Dedoose ni pambo. Na hata penye mtandao mzuri iliwahi kuanguka: Mei 2014 watafiti kadhaa duniani walipoteza kazi ya wiki kadhaa. Ukiitumia, toa nakala kila Ijumaa.

Nguvu ya Dedoose ni pale timu imetawanyika na wote wana intaneti ya uhakika. Mmoja Chake Chake, mmoja Vuga, mmoja anasoma nje. Wote wanaweka misimbo ndani ya mradi mmoja kwa wakati mmoja, na kila mmoja anaiona kazi ya mwenzake. NVivo na MAXQDA za kawaida hufanya kazi kwa nakala zinazounganishwa baadaye. Inawezekana, ila inataka nidhamu. Sisi wenyewe tuliwahi kuchukua nakala ya juzi badala ya ya jana, tukaunganisha, misimbo ya siku nzima ya mwenzetu ikapotea. Hakuna wa kumlaumu. Tangu hapo ana kazi moja mtu mmoja: kupokea nakala jioni, kuziunganisha, na kutuma faili jipya lenye tarehe. Ukiitaka Taguette kwa timu, unaweza kuitumia mtandaoni bure, wote mkaingia kwenye mradi mmoja.

Mkiwa wawili au zaidi, jarida litakuuliza mlikubaliana kiasi gani kwenye misimbo. NVivo, MAXQDA, Dedoose na QualCoder zinahesabu kappa, kipimo cha makubaliano hayo, na ATLAS.ti inahesabu kipimo kingine, alfa ya Krippendorff. Taguette hapana.

Siri za watu wa shehia ndogo

Utafiti mseto una hatari yake hapa, na inazidi jinsi programu inavyokuwa nzuri. Ukishamfungia mhojiwa sifa zake, "mjane, miaka 54, katibu wa kikundi cha mwani, Makangale", huhitaji jina. Kila mtu Makangale anamjua. Sifa hizo zibaki ndani ya mradi. Kwenye nukuu andika umri kwa makundi na wilaya badala ya shehia. Jedwali linalounganisha namba na jina lisiingizwe kwenye programu yoyote. Letu lilikuwa karatasi, ndani ya kabati lenye kufuli.

Na akili mnemba: MAXQDA, ATLAS.ti na NVivo zote sasa zina msaidizi anayependekeza misimbo na kufupisha. Maneno ya mhojiwa husafiri hadi seva za nje ili afanye hivyo. Soma tena ile fomu ya ridhaa uliyomsomea mtu wako barazani. Kama ulimwambia sauti yake itabaki kwa watafiti, kitufe hicho si chako.

Kwa hiyo ipi

Mradi wenye fedha, hojaji nyingi na vikundi: MAXQDA, bila kusitasita sana. Kama chuo chako kinakulipia NVivo, chukua NVivo na tenga siku mbili za kujifunza kesi. Si busara kununua nyingine kwa ajili ya menyu nzuri zaidi. Kazi ya miezi mitatu, timu iliyotawanyika mijini, mahojiano ya mtu mmoja mmoja: Dedoose, maana mwezi usioingia hulipii. Mwanafunzi anayejilipia: QualCoder, na ikimshinda, Taguette na jedwali. Sikubaliani na wale wanaomwambia mwanafunzi atafute NVivo iliyovunjwa kufuli. Mbali na dhambi yake, nimeona laptopu ya mtu ikienda na virusi na tasnifu humo humo.

Usiogope sana kwamba ukichagua umefungwa. Programu kubwa nyingi, na QualCoder pia, husoma na kuandika miradi kwa mfumo wa pamoja unaoitwa REFI-QDA, wenye mafaili ya kuishia na qdpx. Misimbo na nukuu huhama salama. Majedwali na michoro uliyotengeneza hayahami, na sifa za wahojiwa hebu zikague moja moja ukishafika.

MAXQDA na NVivo hutoa siku chache za kujaribu bure. Usizipoteze kwa data ya mfano waliyokuwekea wao. Weka mahojiano yako matatu na kikundi kimoja, pamoja na jedwali la wahojiwa hao kutoka Kobo. Tafuta *kamba*. Tafuta Ng'ambo. Kisha iulize programu ikuoneshe P-117 alijibu nini kwenye swali la kipato na alisema nini barazani, vyote kwenye kioo kimoja. Hesabu umebofya mara ngapi kufika hapo.